Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha

Mtu anayejenga nyumba ya kupangisha kwa mara ya kwanza jijini Dar es Salaam kwa kawaida huwa na vitu vitatu: kiwanja kimoja, akiba isiyotosha kumaliza ujenzi, na ramani ya nyumba ambayo angependa kuishi yeye mwenyewe. Hicho cha tatu ndicho humponza. Sebule pana, baraza ya mbele na vyumba vitatu vya kulala vinaifaa familia ya mwenye nyumba, lakini mpangaji wa kawaida wa jiji hili anatafuta chumba kimoja chenye choo ndani, au chumba na sebule, mahali ambapo daladala ya kwanza inapatikana alfajiri. Nyumba kubwa humpata mpangaji mmoja, naye akihama nyumba nzima inabaki tupu. Ardhi ile ile ikibeba vyumba sita, akihama mmoja watano wanaendelea kulipa.

Madalali wana msamiati wao, na mwekezaji mpya hana budi kuujua kabla ya kuchora ramani. "Single" ni chumba kimoja, choo na bafu vya pamoja nje. "Masta" ni chumba chenye choo na bafu ndani. "Chumba na sebule" kinajieleza, ila siku hizi mteja huuliza papo hapo kama kuna jiko. "Stendi aloni" ni nyumba inayosimama peke yake ndani ya uzio wake, na "apatimenti" ni jina linalobeba kila kitu kuanzia ghorofa la Masaki hadi vyumba viwili vya Mbezi vilivyopigwa rangi vizuri. Soko la vyumba hivyo ni kubwa: sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wengi wanaoingia jijini kutafuta kazi huanzia kwenye single, huhamia masta kipato kikipanda, kisha chumba na sebule wakioa au kuolewa. Anayejenga huchagua ni hatua ipi ya safari hiyo anataka kuihudumia.

Biashara yenyewe si ngeni. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni na Ilala, yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na bafu, ilikuwa ya kupangisha tangu mwanzo: mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki. Kulikuwa na kipindi shughuli hii ilitazamwa kwa jicho baya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa chama cha TANU au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na sheria ya kudhibiti pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni makubaliano ya watu wawili. Lugha yenyewe inaweza kuchanganya, kwa maana neno "kodi" hutumika kwa fedha anayotozwa raia na serikali na kwa fedha anayotozwa mpangaji na mwenye nyumba. Hapa hiyo ya pili itaitwa pango.

Kosa la ramani hurekebishika kwa kuvunja ukuta. Kosa la kiwanja halirekebishiki. Kiwanja hukaguliwa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Bonde linalopendeza Januari huwa mto Aprili, na muuzaji anayejua hilo huwa na haraka ya kuuza Februari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa mabondeni, na baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo nyumba iliyojengwa ndani ya eneo hilo iko hatarini hata kama haijawahi kuguswa na maji.

Hatari ya pili ni hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Nyingine zilikuwa na wapangaji ndani. Alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, yaani nyumba itabomolewa, ni taarifa ambayo hakuna dalali anayeitaja, wala muuzaji aliyekwisha kuipaka rangi juu. Majirani huitaja bila kuombwa sana. Kikombe cha chai kwa mama ntilie wa mtaa huo, saa moja asubuhi, hutoa habari nyingi kuliko siku nzima ya kuzunguka na dalali: nani ana kesi na nani, maji hutoka siku zipi, gari la taka hupita au halipiti, na kama vijana wa pale huhama kwa sababu ya wizi.

Kisha umbali. Mpangaji hapimi kilomita. Anapima nauli na dakika. Chumba kilicho dakika tano kwa miguu kutoka kituoni hupangishwa kwa bei ya juu kuliko chumba kizuri zaidi kinachohitaji bodaboda, kwa kuwa bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku ya kazi ni pango jingine analolipa pembeni. Ndiyo maana vyumba vya karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hospitali kubwa, viwanda na vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, havikai vitupu.

Kwa upande wa sheria, ardhi yote Tanzania Bara ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua hatimiliki ya muda usiozidi miaka 99, na kwa maeneo yasiyopangwa ipo leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Viwanja vingi vinavyouzwa pembezoni mwa jiji havijapimwa, na huuzwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya serikali ya mtaa, pamoja na mjumbe, majirani wa mipakani na mashahidi. Njia hiyo si haramu, lakini inampa mnunuzi ulinzi kiasi tu cha uaminifu wa watu waliotia saini. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kina bikoni zinazoonekana ardhini, na kikiwa na hati kina kumbukumbu inayoweza kupekuliwa kwa msajili wa hati ili kujua jina la mmiliki, mkopo wa benki uliowekewa kiwanja hicho kama dhamana, na zuio la mahakama kama lipo. Ada ya upekuzi ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kiwanja, na bado wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huiruka kwa kuwa muuzaji ni rafiki wa shemeji.

Upekuzi wa hati hautoshi. Muuzaji mwenye mke au mume anahitaji ridhaa ya mwenzake kuuza nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Kiwanja cha urithi huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Haitoshi kwamba muuzaji ni mtoto mkubwa, wala kwamba ndiye aliyebaki akikaa pale. Maandishi ya "NYUMBA HII HAIUZWI" yaliyopakwa kwenye kuta nyingi za Dar es Salaam ni kinga ya wenye nyumba dhidi ya watu wanaouza mali isiyo yao, na wakati mwingine anayejaribu kuuza ni ndugu wa damu. Mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi hauna nguvu mahakamani.

Hesabu ya mwenye nyumba mpya kwa kawaida huandikwa nyuma ya bahasha: pango mara vyumba mara kumi na mbili. Mfano wa vyumba sita vya masta, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi, hutoa 7,200,000 kwa mwaka. Kiwanja kikiwa kimegharimu milioni 20, na ujenzi pamoja na maji na umeme milioni 60, mapato hayo ni asilimia 9 ya mtaji. Bahasha huishia hapo, nayo hudanganya. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia, 600,000 hupotea. Ukarabati wa mabomba, vitasa, choo na rangi ukigharimu 700,000, zinabaki 5,900,000. Kodi ya mapato ikiwekwa asilimia 10 ya pango lililopokewa, yaani 660,000, mkononi hubaki 5,240,000. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 7, na mtaji hurudi baada ya miaka 15 hivi.

Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25, ambazo mtu yeyote anaweza kuzinunua kuanzia shilingi milioni moja, zimelipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, bila mpangaji kupiga simu usiku kwamba bomba limepasuka. Anayetafuta gawio la fedha taslimu peke yake hana sababu ya kujenga. Nyumba hushinda kwa mambo mawili ambayo hatifungani haina: pango linaweza kupanda bei za vitu zikipanda, na kiwanja kilichochaguliwa vizuri huongezeka thamani mji unapokifuata. Jambo la pili ndilo lililowatajirisha waliowahi kununua Sinza na Kijitonyama, maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, kiwanja kibaya huua biashara pande zote mbili.

Mfano huo huo unaeleza kwa nini mkopo wa benki ni mzigo kwa nyumba ya kwanza. Riba za mikopo ya nyumba Tanzania zimekaa kwa miaka mingi kati ya asilimia 15 na 19. Nusu ya mtaji, milioni 40, ikikopwa kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia 6,400,000, zaidi ya chote kinachobaki mkononi. Pengo hilo hulipwa na mshahara wa mwenye nyumba. Mshahara ukikatika, benki inauza.

Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za kupangisha za Dar es Salaam hujengwa kwa awamu, na njia hii, inayodharauliwa na wataalamu wa mikopo, ina akili yake. Msingi wa vyumba sita huchimbwa na kujengwa wote, kisha vyumba viwili tu hunyanyuliwa, hupauliwa, huwekwa mlango na dirisha la nondo. Mpangaji wa kwanza akilipa pango la miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi, fedha hiyo inanunua bati la chumba cha tatu. Wakati mwingine mpangaji mwenyewe humalizia chumba, anapiga lipu na kuweka sakafu, na gharama hukatwa kwenye pango lake. Mapatano ya namna hiyo yanafaa iwapo bei ya kila kitu imeandikwa kabla ya kazi kuanza. Yaliyofanywa kwa mdomo huishia kwa mpangaji kudai amejenga nusu ya nyumba. Udhaifu wa njia yenyewe ni kwamba pango la miezi sita huonekana kama faida. Anayelitumia kwa ada ya shule na sikukuu huamka mwezi wa saba bila bati na bila pango.

Msingi haujengwi kwa awamu, wala haupunguzwi gharama. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali imara za inchi sita 30 hadi 35. Anayefyatua 50 kwa mfuko anauza mchanga uliokaushwa. Tofali hupimwa kwa kuangushwa kutoka usawa wa kiuno, na inayovunjika vipande hurudishwa kwenye lori. Saruji hufika asubuhi na kutumika siku hiyo, kwa kuwa mfuko unaolala saiti kwa fundi asiyejulikana huamka umepungua. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na jengo lisilo nacho linaweza kusimamishwa likiwa kwenye lenta, hatua ambayo fedha nyingi imekwisha kuzikwa.

Umeme ndicho chanzo kikubwa cha ugomvi kati ya wapangaji, na dawa yake iko kwenye ramani. Nyumba yenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hulazimisha wapangaji kuchanga, na mchango huwa na mwenye pasi, mwenye jokofu, na asiyelala nyumbani, wote wakitakiwa kutoa sawa. Zaidi ya hapo, shirika la umeme, TANESCO, lina bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya tozo, kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Familia sita kwenye mita moja huvuka kiwango hicho kabla ya mwezi kufika katikati, na wote hununua kwa bei ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu. Mita ya kila chumba inagharimu zaidi mwanzoni, lakini mpangaji akiambiwa "una LUKU yako" hukubali pango la juu zaidi bila kubishana. Palipobaki mita moja, mita ndogo za ndani hupunguza kelele, ingawa haziirudishi bei nafuu.

LUKU ina jambo la pili ambalo mpangaji hulijua kabla ya mwenye nyumba. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa kwa simu yake ana haki ya kuidai, na mwenye nyumba muungwana huipunguza kwenye pango bila kusubiri kuulizwa. Jengo lenye mita kadhaa linahitaji ufuatiliaji ili kodi ikatwe kwenye mita moja.

Choo hakizungumzwi hadi kijae. Shimo la familia moja likitumiwa na sita hujaa kwa kasi zaidi, na gari la kunyonya maji taka halifiki palipo na uchochoro wa mita moja. Nyumba za namna hiyo ndizo ambazo wenyewe hutapisha vyoo mvua kubwa inaponyesha, kosa kisheria na uchafu kwa mtaa mzima. Shimo kubwa, lililo mbele ya nyumba ambapo gari linafika, linafaa kuwekwa kwenye ramani kabla ya sebule.

Mpangaji wa kwanza huletwa na dalali, ambaye hutoza pango la mwezi mmoja, mara nyingi kutoka kwa mpangaji mwenyewe. Dalali hana hasara mpangaji akiwa mbaya. Akihama baada ya miezi sita, yeye analipwa tena. Kazi ya kumchunguza inabaki kwa mwenye nyumba: kitambulisho cha taifa (NIDA), mahali anapofanya kazi, na simu moja kwa mwenye nyumba wa zamani. Swali linalofaa ni alihamaje; jinsi alivyokuwa akilipa huonekana humo humo. Mkataba wa kurasa mbili, nakala kwa kila upande, hutaja pango, siku ya kulipa, idadi ya watakaoishi, nani anatengeneza nini, na muda wa taarifa ya kuhama. Unastahili ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kudai malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata apatimenti ya Masaki hutajwa bei kwa shilingi.

Akishindwa kulipa, njia ya halali ni taarifa ya maandishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa godoro nje humgeuza mdai kuwa mdaiwa. Kuwakusanya majirani nako hakumtoi mtu, humpa mashahidi. Mara nyingi mapatano ya kumsamehe mwezi mmoja ili atoke kwa hiari yake huwa rahisi kuliko kesi ya mwaka mzima huku chumba hakilipiwi.

Mpangaji anayetumia jengo kwa biashara, kwa mfano fremu ya duka au ofisi, hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), na mwenye nyumba hupewa cheti cha makato.  Daftari la risiti, hata la kuandikwa kwa mkono, lenye tarehe, chumba, jina na kiasi, humlinda pande zote mbili: mbele ya ofisa wa kodi na mbele ya mpangaji anayesema alilipa.

Siku ya kuhama, mwenye nyumba na mpangaji hupita chumbani pamoja kukiwa bado na mwanga wa jua, wakaangalia bomba, swichi, vioo na kitasa, wakaandika kilichoharibika. Fundi wa rangi huingia kesho yake. Chumba kilichopakwa rangi wiki hiyo huwa na mtu kabla ya mwezi kuisha. Cha jirani, chenye michoro ya watoto ukutani na kitasa kinachozunguka bure, kinaendelea kumsubiri dalali.